Umeme wa jua Beni na Butembo: shamba lililokimbiwa lina mwenyewe

Tangu sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 ilipoondoa ukiritimba wa SNEL, macho ya wengi hapa kwetu yameelekea jua. Si ajabu. Miji yetu miwili imeishi miaka mingi kwa jenereta, na wafanyabiashara wa Butembo walioanzisha SENOKI kutafuta umeme wa maji wanajua safari hiyo ilivyo ndefu. Mwaka 2017 kampuni ya Nuru iliwasha kituo kidogo cha jua mjini Beni. Mwaka 2020 ikafungua kingine cha megawati 1.3, chenye betri, mtaani Ndosho, Goma. Kwa hiyo hatuulizi tena kama jua linatosha. Tunauliza paneli zitawekwa kwenye shamba la nani, na nani atatia sahihi.

Karatasi ni nyingi. Mradi wa kiasi cha jimbo huhitaji kibali cha serikali ya jimbo, na tangu M23 ilipoteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, serikali hiyo inafanyia kazi hapa Beni, chini ya gavana wa kijeshi. Wengine wanaona hiyo ni nafuu: njia ya kufika ofisini imekuwa fupi. Kuna pia uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii, unaotakiwa na sheria ya mazingira ya Julai 2011. Halafu kuna ardhi, na hapo ndipo tunapoomba wasomaji wetu wakae kidogo.

Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya serikali. Kuhusu mashamba ya wanakijiji wanaoyashika kwa desturi, iliahidi amri ya rais ya kupanga haki zao, na kwa makumi ya miaka amri hiyo haikutoka. Basi mkulima wa sheferi ya Bashu au ya Baswagha anaweza kulima alipolima babu yake bila kuwa na hata kipande cha karatasi. Kinachomlinda ni uchunguzi unaofanywa kabla ya ardhi ya vijijini kutolewa: wakubwa wafike mahali, waulize nani analima, nani ana haki, nani anapinga.

Lakini huku kwetu uchunguzi huo una shimo kubwa. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamefukuza watu vijijini wilayani Beni, na baadaye hata upande wa Bapere, Lubero. Ukipita barabara ya Mbau kwenda Eringeti utaona mashamba ya kakao yaliyomezwa na majani. Kwa mtu anayetafuta hekta chache tambarare karibu na barabara, hapo panaonekana pazuri, na hakuna wa kumpinga. Wenye kupinga wamepanga chumba Oicha, Beni au Butembo. Mkuu wa kijiji akitia sahihi peke yake, faili litakuwa kamili na haki itakuwa imepotea. Mwanamke Mshunemu alikaa ugenini miaka saba kwa sababu ya njaa. Aliporudi ilimbidi kumlilia mfalme apewe tena nyumba na shamba lake. Yeye alimpata mfalme aliyesikiliza.

Hatusemi hivi kwa kupinga umeme. Hospitali zetu zinaujua usiku wa kupasua mgonjwa huku mafuta ya jenereta yakikaribia kwisha. Ndiyo maana betri si pambo: jua huzama saa kumi na mbili, na kituo kisicho na betri huturudisha kwenye mafuta saa ile ile watu wanapowasha taa. Lakini betri nazo zina maswali yake. Zitakaa umbali gani na nyumba? Zikishika moto nani atauzima, maana hizi za lithiamu hazizimiki kwa ndoo ya maji? Zikichakaa zitapelekwa wapi? Majibu yawe ndani ya uchunguzi wa mazingira kabla ya kibali kutoka. Ahadi ya mdomo kwenye mkutano haitoshi.

Mradi unaweza kukodi ardhi badala ya kuinunua, ili familia ibaki na haki yake na kupokea malipo kila mwaka. Megawati moja huchukua kama hekta moja hadi mbili. Kwa nchi ni kidogo, kwa familia za milimani zisizofikisha hekta moja ni maisha yote. Na parokia zinazoombwa kutoa viwanja vyao zianze kwa kutazama kama kuna wajane wanaolima humo.

Tangazo la uchunguzi hubandikwa ofisini, ambako waliokimbia hawafiki. Ibadani wanafika. Makatibu wa parokia za Oicha, Beni na Butembo waombe nakala kwa msimamizi wa wilaya, walisome kwa Kiswahili na Kinande Jumapili kadhaa mfululizo, waandike majina ya wenye mashamba wanaojitokeza, na kuyapeleka ofisini kabla muda wa kupinga haujaisha.