Kama Huna Komandi, Hizo Namba Ni Udaku

Wasee wa finalisti, hii ni yenu. Kasirikeni, lakini someni hadi mwisho.

Kuna biashara imeshika sana karibu na kampasi. Unapelekea msee wa data hojaji zako, unamtumia doo kwa M-Pesa, siku tatu baadaye anakurudishia chapta ya nne: majedwali safi, asilimia, thamani za p zenye vinyota. Sasa muulize swali moja tu: ulifika aje hapa? Atakuangalia kama umemtusi.

Sina shida na kulipa mtu akusaidie. Kila mtu anatafuta unga. Shida ni kwamba umeuziwa majibu, njia amebaki nayo. Nani aliamua wale ambao hawakujibu swali la mapato watolewe? Aliyeandikwa ana miaka 220, alirekebishwa akawa 22 ama alifutwa? Hayo maamuzi ndiyo utafiti wenyewe, na yalifanywa na mausi ya mtu mwingine, bila hata mstari mmoja kuandikwa.

Unadhani ni mambo madogo? Mwaka wa 2010, wachumi wawili wakubwa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha kwamba nchi tajiri zikipitisha deni la asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi wao kwa wastani unashuka kwa asilimia 0.1. Wanasiasa wa Marekani na Ulaya wakaishika hiyo namba kutetea kupunguza matumizi ya serikali. Halafu mwanafunzi wa Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, akajaribu kurudia hesabu, ikakataa. Alipotumiwa Excel yenyewe, akaona fomula ya wastani imeruka nchi tano. Aliporekebisha hilo na mambo mengine aliyoyapinga, wastani ukawa ukuaji wa asilimia 2.2. Hiyo ilikuwa 2013. Miaka mitatu namba inazunguka dunia kwa sababu njia yake ilikuwa kwa laptop ya mtu.

Hapa kwetu kuna mfano wa kinyume. Edward Miguel na Michael Kremer walifanya utafiti wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, wakauchapisha 2004. Baadaye watafiti wengine waliomba kurudia uchambuzi, na hao wawili wakawapa data pamoja na komandi. Makosa yalipatikana. Moja lilikuwa kwenye komandi za kuhesabu shule jirani: zilikuwa zinahesabu 12 za karibu tu. Mabishano yalikuwa makali mwaka wa 2015, lakini watu walibishana wakionyesha mstari wenye kosa. Hakuna aliyesema "niamini tu." Na Kremer alipata Nobel 2019, kwa hivyo usiniambie kuonyesha makosa kunaua jina.

Na si kazi ngumu. Kwa SPSS, kabla ubonyeze OK, kando yake kuna Paste. Ibonyeze, komandi itajiandika kwa dirisha la Syntax. Irun kutoka hapo, halafu uisevu. Kwa Stata, anza na log using, na kazi yote iandike kwa do-file. Kwa R, andika kwa skripti, si kwa konsoli halafu unafunga mashine. Data asili usiiguse, fanya kazi na nakala.

Najua mtaniambia, "Wewe uliacha chuo, unatufunza nini?" Ni kweli, niliacha. Lakini mama mboga hahitaji digrii kuuliza mweka hazina wa chama kitabu kiko wapi. Akiambiwa "pesa iko, niamini," kikao kinaisha vibaya. Mbona msomi aambiwe hivyo na akubali?

Na nyinyi walimu wa vyuo: mnakagua kama mwanafunzi amenakili sentensi, sawa. Basi ombeni na faili ya komandi pamoja na projekti. Asiye nayo arudi akaitafute.

Wewe unayelipa, dai vitu vitatu: data asili, komandi, na majibu. Zirun mwenyewe uone kama majedwali yanatoka vile vile. Akikataa kukupa, usimtumie balansi.