Kabla Hujakwenda Kutazama Mto Mkavu



Nakuandikia ukungu ukiwa mlangoni. Sisi wa Ikuti tunaijua mvua kama tunavyomjua jirani anayeingia bila kupiga hodi. Migomba ni ya kijani mwaka mzima, chai haikauki, na mtoto wetu hukua bila kujua kiu ya nchi ni kitu gani. Jioni moja binti yangu wa darasa la tano alikuwa akisoma jiografia karibu na moto, akaniuliza, “Baba, mto mkavu ni mto gani? Kama hauna maji, mbona unaitwa mto?”

Mimi nilisomea ualimu kabla sijawa karani wa parokia, na maswali ya namna hiyo nimezoea kuyajibu kwa chaki. Siku hiyo chaki ilinishinda. Nikamwambia mama watoto, “Likizo ya Juni tuwapeleke wakaone wenyewe.” Tukatoa daftari, tukaanza kupanga. Nawe ukiwa na nia kama yetu, haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, wakati. Kipupwe, yaani Juni mpaka Agosti, ndiyo majira mazuri ya kwenda nchi kavu. Mvua zimekwisha, njia za mbugani zinapitika, majani yamelala, na wanyama hawana budi kusogea kwenye maji machache yaliyobaki. Lakini usidanganyike na neno “ukame” ukaacha koti nyumbani. Makambako na Mafinga baridi yake ya asubuhi huuma, na Dodoma miezi hiyo ina upepo wa usiku usio na huruma. Mchana utavua, jioni utavaa.

Pili, njia. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kilometa kama 70. Ukifika Uyole unashika mkono wa kulia, unapita Chimala na Igawa, Makambako na Mafinga, hata Iringa. Ni zaidi ya kilometa 300 za lami, basi ondoka saa kumi na moja alfajiri ili usitembee usiku kati ya malori.

Kilometa kama 20 kabla ya mji wa Iringa pana Isimila. Shuka hapo. Ni korongo la mto wa zamani, na mvua za miaka mingi zimechonga udongo wake ukawa nguzo ndefu zilizosimama kama nguzo za kanisa lisilo na paa. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini aliokota hapo zana za mawe, na mwaka 1957 na 1958 wataalamu wakaja kuchimba. Ni mashoka ya watu walioishi maelfu mengi ya miaka kabla yetu. Mtoto akilishika shoka la namna hiyo, hutahitaji kumwambia kwamba historia ni ndefu.

Toka Iringa hadi Msembe, makao ya Hifadhi ya Ruaha, ni kilometa kama 130. Njiani utapita Kalenga, linapotunzwa fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Hifadhi yenyewe ilitengwa mwaka 1964. Ni nchi ya mibuyu na vumbi jekundu, ya tembo na tandala. Kiangazi kikikolea, tembo huchimba mchanga wa mto kwa miguu na mkonga mpaka wapate maji. Usivae nguo za buluu wala nyeusi, kwa kuwa mbung'o huzipenda, na kuumwa nao si mchezo. Usishuke garini usiporuhusiwa, na jua likizama uwe umefika unapolala.

Tatu, fedha. Chukueni kitambulisho cha taifa, kwa maana raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Langoni hawapokei fedha mkononi, kwa hiyo uliza mapema jinsi ya kulipa, usije ukageuzwa na watoto wanalia. Gari dogo la kukaa chini halifai ndani ya hifadhi. Afadhali watu wa nyumba mbili au tatu wachange wakodi moja lililo refu.

Nne, mapango. Tulipanga kutoka Iringa kupita Mtera hadi Dodoma, kilometa kama 260, kisha Kondoa na Kolo. Barabara ya Dodoma kwenda Babati ni lami tangu 2018. Huko Kolo, chini ya miamba iliyoinama kama dari, wazee wa kale walichora watu na wanyama kwa rangi nyekundu. Bibi Mary Leakey alinakili nyingi za picha hizo mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliziandika katika urithi wa dunia. Usiziguse, wala usizimwagie maji ili picha ing'ae. Wenyeji bado huenda baadhi ya miamba hiyo kwa mila zao, nawe ingia kama unavyoingia nyumba ya mtu.

Pango lenye giza na popo wengi ni jambo jingine. Mwaka 1987 mtoto mmoja alikufa kwa ugonjwa wa Marburg baada ya kutembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, nchini Kenya, na wataalamu wamekwisha kujua kwamba popo wala matunda hubeba virusi hivyo. Basi usiingie pango la popo bila mwongozaji anayelijua, na watoto waache nje.

Hapo daftari letu lilikuwa limejaa, nami nikajiona mtu hodari. Nikamsomea mama yangu mzazi, tunayeishi naye. Alisikiliza mpaka mwisho, akageuza ndizi motoni, akasema, “Mwanangu, fedha hizi ni za bati la jiko langu?”

Nikasema, “Mama, nyingine ni hizo, lakini tutazirudisha tukiuza maparachichi.”

“Na mto huo umekauka kwa nini?”

Nikafurahi kuulizwa. Nikamweleza kwamba Ruaha Mkuu hupata maji yake milimani Uporoto na Kipengere, yakakusanyika bonde la Usangu. Huko watu wamechimba mifereji ya mpunga, mingine ikiachwa wazi hata baada ya mavuno. Mifugo ikaongezeka, na kinamasi cha Ihefu kikapungua. Mwaka 1993 mto ulikatika ndani ya hifadhi, na tangu hapo umekuwa ukikatika kiangazi baada ya kiangazi. Si shauri la viboko peke yao. Mto huohuo ndio unaojaza bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80, kisha Kidatu yenye megawati 204. Nikamalizia, “Kila mtu alichukua kidogo tu, Mama, wala hakuna aliyekusudia kuukausha.”

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Na mikaratusi yako pale chemchemini?”

Msomaji, sikuwa na jibu. Miaka sita iliyopita nilipanda mikaratusi arobaini bondeni chini ya nyumba yetu, hatua chache toka chemchemi, ili nipate nguzo za kuuza. Nilijua inavyokunywa. Nilijua pia kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Zamani ndoo ya mama ilijaa kabla hajamaliza salamu na wenzake. Siku hizi mwezi wa Oktoba akina mama hupanga foleni na kuchota kwa kikombe. Nami hupita hapo nikienda ofisini, nikiwaamkia.

Nikajitetea kama mwalimu: “Mama, maji ya kwetu hayaendi Ruaha. Yanashuka Ziwa Nyasa.”

Akanitazama. “Na wa Nyasa hawanywi?”

Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi nilimwita kijana mwenye msumeno. Miti tumekwisha kuiangusha, na visiki tutavichoma visichipue. Mahali pake tunapanda mikuyu na migomba, na majirani wawili wenye mikaratusi ng'ambo ya kijito wamekuja kutazama. Mmoja amesema atakata yake baada ya mavuno. Wa pili alisema nimepata wazimu. Tutaonana naye mwezi wa Oktoba.

Nguzo zimeuzwa, na bati la jiko limenunuliwa kwanza. Fedha iliyobaki haifiki Kolo. Kwa hiyo tumekata safari: mwaka huu ni Isimila na Ruaha, na picha za miambani zitatungoja, maana zimengoja wengi kabla yetu. Tulipomwambia mama, alisema hana haja ya kuona tembo. Siku ya pili nikamkuta anafua kitenge chake kizuri, akauliza kama huko Iringa baridi inahitaji blanketi moja au mawili.

Basi wewe unayepanga safari, panga. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Hesabu mafuta, koti, kitambulisho na chakula cha njiani. Lakini kabla hujafunga mzigo, shuka kwanza mpaka pale mnapochota maji. Simama hapo uulize imechukua muda gani ndoo kujaa. Kama jibu halikupendezi, safari yako ina kituo cha kwanza nyumbani.

Binti yangu naye ameandika swali lake kwenye karatasi, anasema atalipeleka kwa mto wenyewe. Mungu akitujalia kurudi salama, nitawaambia alijibiwa nini.