Mgonjwa wa Kongosho Naye Ana Haki ya Kulala

Wapo wanaouliza kuna haja gani kumpitishia mpira tumboni mgonjwa wa saratani ya kongosho, ilhali maradhi yenyewe aghalabu hugunduliwa yakiwa yamekwisha kuenea. Fedha hizo, wasema, heri zinunuliwe dawa za malaria. Hoja hii ina sura ya busara, lakini haimjui mgonjwa.

Kongosho, ambalo wanafunzi wetu hulisoma kwa ajili ya insulini na kulisahau mtihani ukiisha, limejificha nyuma ya mfuko wa chakula. Uvimbe ukiota kwenye kichwa chake huubana mfereji wa nyongo. Nyongo ikikosa njia hurudi damuni: macho huwa manjano, mkojo hukoza mithili ya chai ya mkandaa, na ngozi huwasha usiku kucha hata mtu akajikuna akatoka damu.

Daktari wa endoskopia hupitisha kinywani mpira wenye taa na kamera hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, akautafuta mlango wa mfereji huo, akapenyeza kijineli cha plastiki au cha chuma, nyongo ikashuka tena. Tangu mwaka wa 1974, madaktari wa Ujerumani na Japani walipoonyesha njia, mlango huo hupasuliwa bila kumfungua mgonjwa tumbo. Upo pia mpira wenye mawimbi ya sauti nchani, ambao huuona uvimbe na kuudunga sindano ili chembe zake zipimwe.

Sisemi kijineli huponya. Hakiponyi, wachache wanaopona huokolewa na upasuaji wa mapema pamoja na dawa. Tena shughuli yenyewe yaweza kulifurisha kongosho, na kijineli cha plastiki huziba baada ya miezi michache. Lakini ini lililolemewa na nyongo huzistahimili kwa shida dawa nyingi za saratani, na mtu aliyepoteza usingizi kwa kujikuna hahitaji kuhesabiwa siku zake ndipo ahurumiwe.

Humu nchini wajuzi wa kazi hii wamerundikana katika miji mikubwa. Mpango wa kukodi vifaa vya hospitali ulioanza mwaka wa 2015 uliacha mashine kadhaa zikipata vumbi kwa kukosa wahudumu. Kaunti zisikimbilie kununua mipira hiyo, basi. Zianze kwa kuwapeleka madaktari na wauguzi wakafunzwe, na kuwalipa watakaporudi.