Kipimo Kisiwe Haki ya Mwenye Fedha Peke Yake

Nyumba mbili huweza kupakana ua kwa ua, na mto ukifurika, moja ikajaa maji na ya pili ikasalimika. Kinachozitenga ni futi mbili tatu za mwinuko, tofauti ambayo jicho haliioni. Nchini Marekani tofauti hiyo huandikwa katika waraka uitwao cheti cha mwinuko. Kurasa zake ni chache, lakini uzito wake ni mkubwa katika maisha ya mtu wa kipato kidogo anayeishi bondeni.

Asili ya jambo hili ni sheria ya mwaka 1968 iliyoanzisha mpango wa taifa wa bima ya mafuriko, hatari ambayo makampuni ya bima yalikuwa yakiikwepa. Mwaka 1973 sheria nyingine ikawalazimisha wengi wanaokopa fedha za kununua nyumba katika maeneo ya hatari wakate bima hiyo. Eneo la hatari ni lile ambalo kila mwaka lina uwezekano wa asilimia 1 au zaidi wa kufikiwa na mafuriko. Asilimia 1 yaonekana ndogo. Hata hivyo, katika miaka 30 ya kulipa mkopo hufikia karibu asilimia 26, yaani nyumba moja katika kila nne.

Cheti hujazwa na mpima ardhi, mhandisi au msanifu majengo mwenye leseni. Yeye hupima sakafu ya chini kabisa, ardhi inayogusa kuta, na mitambo ya nyumba kama ule wa kuchemshia maji, kisha hulinganisha vipimo hivyo na kimo cha mafuriko kinachotarajiwa. Sakafu ikiwa juu ya kimo hicho, malipo ya bima huweza kupungua. Ikithibitika kwamba hata ardhi ya asili inayoizunguka nyumba haiko chini ya kimo hicho, mwenyewe aweza kuomba nyumba yake iondolewe katika eneo la hatari. Kwa ombi hilo serikali haitozi ada. Anayedai malipo ni mpima.

Hapo ndipo penye kasoro. Tangu tarehe 1 Oktoba, 2021, ulipoanza utaratibu mpya wa kukadiria bima, cheti si sharti tena la kupangiwa bei. Mwenye nyumba hukitoa kwa hiari, nacho hutumiwa endapo kitampunguzia malipo. Maana yake ni kwamba mwenye uwezo hununua ushahidi na kuvuna nafuu, na asiye na uwezo hubaki na makadirio, hata kama nyumba yake imesimama mahali pa juu. Ukweli juu ya ardhi umegeuzwa bidhaa.

Wapo watakaosema kwamba mwenye mali ndiye apime mali yake. Hoja hiyo haitoshi. Serikali za mitaa zilizo katika mpango huo tayari zinawajibika kuweka kumbukumbu za mwinuko wa nyumba mpya zinazojengwa katika maeneo ya hatari. Zilizosahauliwa ni nyumba kuukuu, zilizojengwa kabla ya ramani za mafuriko kuchorwa, na aghalabu humo ndimo wanamoishi wale wasiomudu nyumba mpya. Yafaa mji umlipe mpima apime mtaa mzima kwa mkupuo mmoja, badala ya kila mkazi kumtafuta wake. Cheti kibaki na nyumba, muuzaji amkabidhi mnunuzi, na mnunuzi aende katika ofisi ya mji kuuliza kabla ya kutoa fedha zake.

Kwa hakika, cheti si ukuta. Kimbunga Harvey kilipoikumba Houston mwaka 2017, nyumba nyingi zilizofurika zilikuwa nje ya maeneo ya hatari yaliyochorwa. Aliye juu ya kimo hana sababu ya kulala akijidanganya kwamba maji hayatamfikia kamwe. Lakini asiyejua mahali aliposimama hawezi hata kujiandaa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafuriko huwakumba walio nacho na wasio nacho. Basi na kipimo cha kujihadhari nayo kiwe haki ya wote.