Asiyeandika Wosia Huwanyang'anya Watoto Wake

Katika kilio watu husema maneno mengi ya kumsifu marehemu: alikuwa mpole, alipenda wageni, hakukosa Misa ya Jumapili. Sisi tumeketi katika vilio vingi vya mji huu wa Lubumbashi, huko Katuba na Kenya, Ruashi na Kampemba, nasi twataka kuuliza swali moja lisilopendwa: Je, huyu mtu mpole aliacha karatasi? Mara nyingi hakuacha. Basi udongo wa kaburi haujakauka, na tayari ndugu wameshika funguo, wapangaji wameambiwa walipe kodi kwa mtu mwingine, na mjane anaulizwa hati ya parsele iko wapi.

Hapo sisi sote twawalaani wenye kunyang'anya, na ni haki. Bwana wetu Yesu Kristu aliwakemea wale waliokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Lakini mlango waliopita wezi hao, nani aliuacha wazi? Aliuacha wazi marehemu mwenyewe, yule tuliyemsifu.

Twajua majibu ya wababa, maana twayasikia kila mara. Wa kwanza asema: "Kuandika wosia ni kuita kifo." Kama ni hivyo, hata Mpako wa wagonjwa unaita kifo, nasi twafundisha kila mwaka kwamba sivyo. Wa pili asema: "Ndugu zangu ni watu wema, watajua kugawa." Vizuri, basi karatasi haitawaumiza watu wema. Itawasaidia, kwa sababu hata mtu mwema hawezi kusoma yaliyokuwa moyoni mwako. Wa tatu anong'ona: "Mke wangu akijua, atanitilia sumu." Neno hilo ni tusi kwa sakramenti ya ndoa. Tena ni ujinga, kwa kuwa wosia ulioandikwa kwa mkono waweza kufungwa na kukabidhiwa mtu mwaminifu, bila kusomwa na yeyote mpaka siku yake.

Wa nne ana jibu zito zaidi: "Sisi tuna desturi." Hatutaki kuidharau desturi. Kwa Wabemba na Walamba, mali ya mtu ilifuata ukoo wa mama, na mpwa alishika mahali pa mjomba. Kwa Waluba wa Katanga, mali ilifuata upande wa baba. Lakini pande zote mbili aliyeshika mali alishika na mzigo: kuwalisha yatima na kumtunza mjane. Tena mali yenyewe ilikuwa ya namna nyingine. Mji huu ulipoanza mwaka 1910, na hata baadaye katika kambi za Union Minière, nyumba ya mfanyakazi ilikuwa ya kampuni. Akifa, jamaa yake waliondoka, na cha kurithi kilikuwa baiskeli, cherehani na sahani. Leo baba na mama wamenunua parsele na kuijenga pamoja miaka ishirini, tofali kwa tofali, yeye kwa mshahara, mke kwa faida ya sokoni. Anayekuja leo kwa jina la desturi mara nyingi huchukua nyumba na kuwaacha watoto. Hiyo si desturi ya wazee wetu. Ni nusu ya desturi, ile nusu yenye faida.

Na Leta yasemaje? Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yasema wazi. Tufanye hesabu kwa mfano wa nyumba yenye mabati 24, ambayo mume na mke waliipata wakiwa katika ndoa. Kama hawakuchagua utaratibu mwingine wa mali siku ya ndoa, mabati 12 ni ya mke tangu mwanzo. Hayo si urithi hata kidogo. Yabaki 12 ya marehemu. Robo tatu, yaani 9, ni ya watoto, nao hugawana sawasawa, wasichana kama wavulana. Yabaki 3: moja la mjane, moja la wazazi wa marehemu kama wangali hai, moja la kaka na dada zake wote kwa pamoja. Zaidi ya hayo, mjane ana haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake. Basi, wewe ndugu wa marehemu uliyekuja na gari kubeba kila kitu: katika mabati 24, lako ni moja, nalo ni la kugawana na ndugu zako.

Mtu atasema: "Kama sheria ndiyo hiyo, wosia wa nini?" Kwa sababu sheria haitembei kwa miguu. Mjane asiye na karatasi hufika mbele ya tribinali nyumba ikiwa imekwisha kuuzwa. Huulizwa kama alikuwa mke kweli, naye huonyesha picha ya harusi mbele ya altare. Wapenzi wasomaji, ndoa ya kanisani ni takatifu, lakini mbele ya Leta haitoshi. Ni lazima iandikwe komini. Na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hahesabiwi kati ya warithi kama baba hakumtambua akiwa hai. Baba anayemficha mtoto huyo ili kulinda heshima yake anailipa heshima hiyo kwa chakula cha mtoto.

Basi kazi ni hii. Ndoa iandikwe komini. Kila mtoto atambuliwe huko. Hati ya parsele ijulikane ilipo. Kisha andika wosia: uandike wote kwa mkono wako mwenyewe, utie tarehe, utie sahihi, au uende mbele ya notari au ya afisa wa komini anayeandika ndoa na vizazi. Taja mali, taja madeni, taja mtu atakayesimamia ugawaji. Usijaribu kuwapa ndugu sehemu ya watoto, sheria haikubali. Na usingojee kusema kwa mdomo kitandani. Ni kweli sheria yakubali wosia wa mdomo wa mtu aliye karibu kufa, mbele ya mashahidi, lakini wangapi wamefika hospitali wasiweze tena kusema?

Sisi makatekista tutaendelea kuwaombea marehemu wetu. Lakini baba aliyekuwa na kalamu, na karatasi, na miaka ishirini ya afya, asituachie sisi kazi ya kumtetea mbele ya watoto wake walioko barabarani.