Kabla hujaacha kazi ukacheze gemu, piga hesabu za Ninja

Jumapili moja jioni mpwa wangu alinipigia simu, na hata salamu hatujamaliza akasema, "Anko, nimeamua. Naacha kazi mwisho wa mwezi." Kazi yenyewe ni ya kutengeneza simu kwenye kibanda fulani pale Nakuru. Analipwa kwa siku. Si pesa ya kujivunia, lakini inalipa nyumba na inanunua unga. Sababu ya kuacha ni kwamba anajirekodi akicheza gemu za simu, sana sana eFootball, halafu anaweka video YouTube na TikTok, na wiki hiyo moja ilikuwa imetrendi. "Nataka kuwa kama Ninja," akaniambia.

"Ninja gani?" Mimi nilidhani ni mambo ya sinema za karate. Alicheka mpaka nikaona haya, nikamwambia anipe wiki moja nimsome huyo mtu kabla hajamwambia mwenye kibanda chochote. Nimemsoma. Na maoni yangu ni kwamba vijana wetu wanamwiga Ninja wa mwaka 2018 peke yake, ilhali wa kuigwa hasa ni yule wa kabla ya hapo na yule wa baadaye.

Ninja ni jina la uchezaji la Tyler Blevins, Mmarekani aliyezaliwa 1991 na kukulia jimbo la Illinois. Alianza mashindano ya gemu ya Halo 3 mwaka 2009, na kufikia 2011 alikuwa ameanza kuonyesha uchezaji wake laivu kwenye intaneti. Sasa hapa ndipo vijana wengi huruka ukurasa. Kipindi hicho alikuwa bado anasoma, na alikuwa ameajiriwa kwenye mkahawa wa Noodles & Company, zile hoteli za chakula cha haraka. Kucheza kulikuja baada ya shule na zamu. Jina lake lilipokuja kujulikana dunia nzima, alikuwa na miaka tisa ya mashindano nyuma yake. Yeye mwenyewe amewahi kuwaambia vijana kwenye mahojiano wasitupe kila kitu ili wafuate gemu.

Kwa hivyo wazee wanaosema gemu ni upuzi wamekosea, na mimi nilikuwa mmoja wao. Hiyo ni kazi. Lakini kijana anayesema "Ninja aliacha kila kitu akafuata ndoto" pia amekosea, tena kosa lake ndilo la gharama zaidi kwa sababu kodi ya nyumba hulipwa kila mwezi na ndoto haina tarehe.

Haya, tuje kwenye zile pesa. Fortnite, ile ya wachezaji mia moja kubaki mmoja, ilitoka Septemba 2017, na Ninja akaikamata mapema. Usiku wa Machi 14, 2018, mwanamuziki Drake akajiunga naye kucheza. Watu zaidi ya 600,000 walikuwa wakitazama kwa wakati mmoja, rekodi ya Twitch wakati huo kwa chaneli ya mtu mmoja. Siku chache baadaye akaiambia televisheni ya CNBC kwamba alikuwa akiingiza takriban dola 500,000 kwa mwezi. Kwa bei ya dola ya mwaka ule, hiyo ni kama shilingi milioni 50. Kwa mwezi.

Sehemu kubwa ilitoka kwa watazamaji waliokuwa wakijisajili kwenye chaneli kwa dola 4.99 kwa mwezi wakati huo, ambazo kwa kawaida Twitch na mwenye chaneli hugawana. Waliokuwa na akaunti ya Amazon Prime walipata usajili mmoja wa bure kila mwezi, na mwenye chaneli bado alilipwa. Lakini ule wa bure haujirudii wenyewe. Lazima mtu abonyeze tena kila mwezi, na watu hubonyeza wakikukuta laivu. Ukiwa haupo, hawabonyezi.

Juni 2018 Ninja alisafiri kidogo. Siku mbili tu, hata saa 48 hazikutimia. Kisha akaandika kwenye Twitter kwamba alikuwa amepoteza wasajili 40,000.

Hebu piga hesabu ya juu juu. Tuseme kila msajili anamletea dola mbili na nusu. Wasajili 40,000 ni dola 100,000 za mwezi huo, karibu shilingi milioni 10 za wakati ule, kwa sababu mtu hakuwa laivu kwa siku mbili. Nilipomsomea mpwa wangu hapo alinyamaza kwanza. Halafu akasema, "Kumbe ni kama kibanda. Ukifunga hakuna kitu." Ndiyo. Mama mboga anaijua hiyo hesabu, mwenye boda anaijua, fundi wa simu anaijua. Tofauti ya Ninja na mama mboga ni idadi ya sufuri. Kwa nini basi tunadhani kijana akihamia kwenye kamera ameepuka maisha ya kulipwa kwa siku? Amehamia kwenye kibanda kingine, na mara nyingi kibanda chenyewe hakina wateja bado.

Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2019, Ninja akahama Twitch na kwenda Mixer, jukwaa la Microsoft. Magazeti yaliripoti kwamba mkataba ulikuwa wa kati ya dola milioni 20 na 30. Watu wakamcheka: ameacha mamilioni ya wafuasi, amekwenda mahali hakuna mtu. Kisha Mixer yenyewe ikafungwa Julai 22, 2020, hata mwaka mmoja haujaisha tangu ahamie. Wachambuzi wengi wanaihesabu ile safari kuwa kosa.

Mimi siungi mkono. Mtu aliyeona wasajili 40,000 wakiyeyuka kwa siku mbili amejua kwamba utajiri wake ni maji kwenye kikapu. Akija mtu na ndoo, kwa nini asimimine? Alibadilisha pesa ya labda na pesa ya mkataba. Alipoteza watazamaji, ni kweli, na sidhani kama idadi ya wanaomtazama laivu ilirudi pale ilipokuwa. Lakini nani alimwahidi kwamba Fortnite ingebaki moto milele? Ukitaka kubishana nami hapo, bishana, ila kwanza jiulize umaarufu wa mwaka 2018 hulipwa na nani mwaka 2026.

Kilichonivutia zaidi hata si huo mkataba. Septemba 2020 alirudi Twitch, na Septemba 2022 akatangaza kwamba hatafungwa tena na jukwaa lolote. Akaanza kuonyesha laivu Twitch, YouTube, TikTok, Facebook na kwingine kwa wakati mmoja. Pembeni tayari alikuwa na biashara za jina lake: viatu na Adidas, vitabu vilivyotoka 2019, na mhusika wake mwenyewe ndani ya Fortnite tangu Januari 2020. Hayo yote hayategemei yeye kuwa mbele ya kamera saa kumi kwa siku. Mkewe Jessica ndiye aliyekuwa akisimamia mikataba, na nadhani bila mtu kama huyo hadithi ingekuwa nyingine.

Halafu Machi 2024, akiwa na miaka 32, akatangaza kwamba amekutwa na saratani ya ngozi kwenye unyayo. Ilionekana mapema, wakati wa uchunguzi wa kawaida, na muda mfupi baadaye akasema imeondolewa. Fikiria habari kama hiyo imfikie mtu ambaye kila shilingi yake inadai awe laivu leo usiku.

Turudi nyumbani. Hapa kwetu hatuna Drake wa kujiunga nasi, na wengi hatutazami Twitch. Tuko YouTube na TikTok, kwa simu, kwa bando. YouTube haikupi mgao wa matangazo mpaka ufikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na miwili, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukishakubaliwa, hulipwi mpaka ufikishe dola 100, na malipo hutoka kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Mwenye nyumba hajui hizo tarehe. Serikali nayo ina lake: Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali. Pendekezo la kwanza lilikuwa asilimia 15, kwa hivyo tulipona kidogo.

Mtaani kuna njia nyingine, na kwa mchezaji mdogo ndiyo ya kweli zaidi: mashabiki kukutumia kitu kidogo ukiwa laivu, hamsini hapa, mia pale, na mashindano ya kiingilio. Hapo ndipo tunapoona watu wakiumia. Kijana anaweka kwenye skrini namba ileile anayotumiwa pesa na mamake, ileile aliyo na akiba, ileile anayokopea. Mwisho wa mwezi hajui gemu imemlipa au yeye ndiye anailipa gemu. Chukua laini nyingine au namba ya till kwa ajili ya hiyo kazi. Ndipo utaona kama bando unalonunua linazidi kile kinachoingia, maana watu wengi hawataki kuiona hiyo hesabu.

Na ukiwa laivu uko haraka, unaongea, unacheza, simu inalia ujumbe. Matapeli wanajua. Ujumbe unaingia kwamba umetumiwa 3,000, kisha mtu anapiga analia kwamba amekosea namba, umrudishie. Usirudishe kitu kabla hujaangalia salio lako mwenyewe. Ujumbe wa uongo huandikwa na yeyote. Hata kama pesa imeingia kweli, mwambie apitie huduma kwa wateja, usimtumie kwa mkono wako. Mwingine atakualika kwenye mashindano makubwa, lipa kiingilio kwanza, kundi la WhatsApp lina watu mia mbili. Siku ya mechi kundi halipo.

(Na kwa kuwa neno gemu siku hizi linabeba mambo mengi: kubeti si gemu ninayoizungumzia hapa. Mtu akikulipa uwaambie wafuasi wako wabeti, jua kwamba pesa yako inatoka mifukoni mwao, na ikiisha wataondoka nayo.)

Mpwa wangu hakuacha kazi. Sidai ni mimi niliyemshawishi. Nadhani ni zile siku mbili za Ninja. Tulikubaliana achukue laini ya pili, arekodi baada ya saa moja usiku, na atakapopata kutoka kwenye gemu nusu ya anachopata kibandani kwa miezi sita mfululizo, tuongee tena. Mwezi uliopita alinitumia hesabu: shilingi 2,340 zimeingia kutoka kwa mashabiki, 1,500 zimekwenda kwa bando. YouTube bado haijafika dola 100. Kibandani, anasema, wameanza kuja vijana wanaomtambua kutoka TikTok, wanataka yeye ndiye awabadilishie kioo.