Usitamani sahani ya Mjapani ukasahau nduma yako

Msomaji, Japani haiko mbali tena. Mtu wa Giakanja, kule Tetu, karibu na mji wa Nyeri, hahitaji pasipoti wala nauli ya ndege ili amwone mpishi wa Kyoto akikata samaki au wazee wa Okinawa wakipalilia mboga. Anahitaji simu na bando tu. NHK, shirika la utangazaji la Japani ambalo kwa miongo mingi limetutangazia kwa Kiswahili, huweka filamu zake za makala kwenye intaneti, na mtu huzitazama bila malipo akiwa kitini pake.

Sina ugomvi na filamu hizo. Zinafundisha na kuburudisha. Lakini kwa kuwa ukurasa huu ni wa afya, yafaa tuulizane: tukishatazama, tunachukua nini? Nionavyo, wengi wetu tunachukua kisichofaa na kuacha kinachofaa.

Kisichofaa ni kudhani kwamba siri ya maisha marefu imo katika sahani yenyewe. Mtu huanza kutafuta madukani mwani, mchele wa Kijapani na mchuzi wa soya, na akiona bei hukata tamaa na kusema kula vizuri ni kwa matajiri. Mwingine hutaka kujaribu samaki mbichi nyumbani. Huyo nampa tahadhari: samaki wa maji baridi, kama wale wa mabwawa tuliyochimba kwa mpango wa serikali ulioanza 2009, huweza kuwa na vimelea. Apikwe hadi aive.

Tena kuna jambo ambalo filamu nyingi hazilitaji. Wajapani hawakuzaliwa na afya njema. Kuanzia 1951 hadi 1980, kiharusi ndicho kilichoongoza kwa kuua watu nchini mwao. Jimbo la Akita, upande wa kaskazini, lilisifika vibaya kwa maradhi hayo. Wenyeji walihifadhi mboga na samaki kwa chumvi ili kuvuka majira ya baridi, na supu yao ya miso ilikuwa ya chumvi kali. Madaktari walienda vijijini wakawapima watu shinikizo la damu, wakawafundisha kina mama kupunguza chumvi jikoni, na majokofu yalipoenea, haja ya kuhifadhi chakula kwa chumvi ikapungua. Vifo vya kiharusi vikashuka sana.

Hata leo kazi hiyo haijaisha. Mjapani wa kawaida hula takribani gramu 10 za chumvi kwa siku, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Kwa hivyo anayemwaga mchuzi wa soya juu ya wali akidhani anakula afya, anajidanganya.

Sasa tutazame kwetu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Hapo ndipo walipokuwa Akita kabla ya madaktari kubisha hodi.

Kisa cha pili ni cha Okinawa, kisiwa ambacho filamu hizi hukipenda mno. Tunaonyeshwa nyanya wa miaka 100 akicheka shambani. Nyanya huyo alikulia viazi vitamu, mboga, tofu na nyama kidogo ya siku za sherehe. Tusichoonyeshwa ni mjukuu wake. Baada ya vita vya 1945, Wamarekani walikitawala kisiwa hicho hadi 1972, na kambi zao zikaja na hambaga na nyama za mikebe. Takwimu za 2000 zilipotolewa, wanaume wa Okinawa, waliokuwa wakisifiwa kwa umri mrefu, walikuwa wameanguka hadi nafasi ya 26 kati ya majimbo 47. Damu ni ile ile, kisiwa ni kile kile. Kilichobadilika ni sahani na miguu iliyoacha kutembea.

Je, msomaji, hadithi hiyo si yetu? Nyanya wa Giakanja alikulia nduma, viazi vitamu, njahi, githeri, terere na uji uliochachuka. Alipanda na kushuka vilima akiwa na mzigo mgongoni. Mjukuu wake aliye Nyeri mjini, Karatina au Nairobi hushinda na chipsi, soseji na soda, kisha jioni hukaa akimtazama nyanya wa watu wengine akila vizuri. Wajapani wana kiazi wanachokiita satoimo, na wanakithamini sana. Msomaji, satoimo na nduma ni mmea mmoja.

Najua utaniambia kwamba nduma mjini ni ghali kuliko chipsi. Ni kweli, na ni aibu kwa sera zetu za kilimo. Lakini yako mambo matatu ya Wajapani yasiyohitaji senti.

La kwanza ni kipimo. Wazee wa Okinawa husema hara hachi bu, maana yake acha kula tumbo likijaa sehemu nane kati ya kumi. Pamoja na hilo, ondoa kikebe cha chumvi mezani. Kupunguza chumvi hakuna gharama.

La pili ni viungo. Tangu 1928 redio ya Japani hutangaza mazoezi mepesi yanayoongozwa na muziki, na hadi leo wazee kwa vijana huyafanya asubuhi katika bustani. Hayazidi dakika 10. Ukitazama filamu ya nusu saa, simama uyafanye pamoja nao badala ya kuongeza filamu nyingine. Burudani ya kutazama wengine wakitembea haimpunguzii mtu kitambi.

La tatu ni wenzako. Okinawa kuna vikundi viitwavyo moai. Wanachama huchanga fedha, hupokezana, hukutana na kujuliana hali maisha yao yote. Sisi tunaviita vyama, na Giakanja haina uhaba wavyo. Tofauti ni kwamba chama chetu huuliza nani hajalipa, lakini mara chache huuliza nani amepimwa. Mwaka wa 2023 serikali iliwapa wahamasishaji wa afya ya jamii mikoba yenye mashine za kupima shinikizo la damu na sukari. Mkutano ujao, mwalikeni mhamasishaji wa kijiji chenu. Pimaneni kabla ya kugawana fedha, na badala ya soda na mandazi, wekeni nduma na chai isiyojaa sukari.

Tuna mfano mzuri hapa hapa Tetu. Profesa Wangari Maathai alipozuru Japani mwaka wa 2005, alisikia neno mottainai, linalokemea ubadhirifu. Alilipenda, akalitangaza ulimwenguni kote, kwa sababu lilikubaliana na kazi ya miti na udongo aliyokuwa ameifanya nyumbani kwa miaka mingi. Aliazima kilichofaa, wala hakuacha chake.

Basi tazama filamu zako, msomaji. Zikikutamanisha, mpigie nyanya simu umuulize alikuwa akila nini alipokuwa na umri wako. Naye pia, muulize kama amepimwa shinikizo la damu mwaka huu.